Sita Nukta Tatu

Jiwe la kilo tano lilikuwa limekaa kwenye sahani, mshale umetulia penye tano, lakini mkono wa fundi ulikuwa unacheza.

“Fundi, mizani yangu ina nini?” muuza nyama aliuliza. “Mbona unaitetemekea?”

“Mizani yako nzima kabisa. Mwenye mizani ndiye nisiyemwamini.”

Wateja waliokuwa kwenye foleni wakacheka, naye fundi akacheka pamoja nao. Kisha jasho la baridi likamtoka shingoni na namba kwenye uso wa mizani zikaanza kuogelea. Alishika ukingo wa meza, akaligeuza pembeni tumbo lake la miezi sita asije akaligonga, akajiketisha taratibu juu ya kreti tupu. Muuza nyama, ambaye hajawahi kumpa mtu hata kipande cha mfupa bila kukipima, alifungua soda kwa meno na kumwekea mdomoni.

“Kunywa, Fundi. Kunywa yote.”

Sokoni wanamwita Fundi tu, kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani. Kazi yake ni kutengeneza na kusawazisha mizani: za nyama, za viazi, za posta, hata ile ya kliniki inayoning’iniza watoto wachanga huku mama zao wakiwa roho juu. Kwa baba yake alirithi bisibisi, sanduku la mawe ya kupimia na tabia ya kutoamini namba mpaka aione mara tatu. Kwa mama yake alirithi wembamba na, kama ilivyokuja kujulikana, jambo jingine. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Mimba hii aliingoja miaka saba ya ndoa, na aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Yaliyompata aliyajua mwenyewe, ndiyo maana hakumlaumu mtu. Mimba ilipofika wiki ya kumi na sita, muuguzi wa kliniki alimtoboa kidole kabla hajala, akasoma sita nukta tatu, akatikisa kichwa. Mjamzito, alisema, asubuhi asizidi tano na kidogo. Akampa kipima sukari, daftari na orodha ya vyakula. Baada ya wiki mbili akampa na sindano za insulini. Fundi alifuata kila kitu kama alivyofundishwa. Daftari likajaa: sita nukta tatu, sita nukta mbili, sita nukta nne, sita nukta tatu. Muuguzi akaongeza dozi. Sita nukta mbili. Akaongeza tena, na safari hii alimtazama usoni.

“Mama kijacho, tuseme ukweli, hapa tuko wawili. Usiku unakula nini?”

“Maharage na mboga. Na yai.”

“Na nini tena?”

Na hasira, alitaka kusema.

Mizani ikigoma kushuka, kuna parafujo ndogo pembeni. Fundi huikaza kidogo kidogo mpaka mshale uteremke. Ndivyo alivyojifanyia. Siku tatu mfululizo, bila kumwambia mtu, alijiongezea insulini, yuniti mbili, kisha nne, kisha sita. Asubuhi ya siku ile kipima sukari kilisoma nne nukta tisa, naye akafurahi hata akamwamsha mumewe amwoneshe. Saa nne alikuwa juu ya kreti la muuza nyama, soda ikimtiririka kidevuni, akimwomba Mungu mtoto asiwe ameumia.

Mumewe alikuja mbio kutoka shuleni na chaki kwenye mikono ya shati. Anafundisha darasa la kwanza, na hata akiwa nyumbani huongea kama anayehesabu vichwa. Siku hiyo hakuhesabu kitu. Alimrudisha mkewe nyumbani, akamlaza, akakaa miguuni pake.

“Uliongeza mwenyewe?”

“Niliongeza.”

“Bila kumwuliza mtu?”

“Ningemwuliza nani? Wewe ungesema tumwulize muuguzi. Muuguzi angesema niache keki.”

“Keki gani?”

“Ndiyo hiyo, mume wangu. Keki gani?”

Mwalimu alizishika nyayo za mkewe kwa mikono miwili, akazikanda pole pole. “Watoto wa wenzangu arobaini na wawili nawajua majina na nawajua mpaka kukohoa kwao,” alisema. “Huyu wangu mmoja sijamjua hata sura. Usinitie hofu hivi tena.” Kisha akapenga kamasi kwa kishindo, kwa sababu mwalimu halii.

Mama yake Fundi alifika kabla ya saa kumi. Habari za sokoni hazina breki.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” alisema akiwa bado mlangoni, hata hodi hajapiga. Aliweka mkoba chini, akakaa kando ya kitanda, akamshika mwanawe shavu. “Mwanangu, funga mdomo. Ni miezi mitatu tu imebaki. Vumilia.”

“Sili, mama. Naapa sili kitu nilichokatazwa.”

“Hata mimi nilisema hivyo hivyo, na hakuna aliyeniamini.”

Mama naye aliambiwa ana sukari, katika mimba yake ya kwanza. Enzi hizo hapakuwa na kipimo cha kubeba mkobani. Uliambiwa una sukari, ukapewa pole, ukarudi nyumbani. Alikula kama wanavyokula wajawazito wote, labda na chungwa moja zaidi, na mtoto akazaliwa na kilo tano kasoro robo. Mabega yalikwama. Wakunga walivuta, na mkono wa kulia wa mtoto ukabaki mlegevu mpaka leo. Huyo ndiye kaka yake Fundi, ambaye mtaa mzima unamwita Tani. Mawifi walisema mlafi amemlisha mtoto mpaka akavunjika. Mimba ya pili ilipoingia, mama alijinyima hata majirani wakamwonea huruma, na Fundi akazaliwa na kilo mbili tu, amekunjamana, akalazwa kwenye pamba wiki tatu. Mawifi wale wale walisema mchoyo amemnyima mtoto.

“Nilipokula nilimkosea kaka yako,” mama alisema. “Nilipojinyima nikakukosea wewe. Mpaka leo sijui mama mwema anakula kiasi gani.”

Alilisema hilo bila machozi, kama mtu anayetaja anwani yake. Tangu wakati huo hula amesimama jikoni, kwa kisahani cha chai, na mbele za watu husema ameshiba. Fundi aliyaona hayo maisha yake yote na hakuwahi kuuliza. Sasa aliona aibu.

Kliniki walimrudishia dozi ya zamani. Muuguzi alimgombeza kwa haki yake, akampa tarehe ya kumwona daktari baada ya siku kumi. Fundi alirudi nyumbani. Kilichomuuma hakikuwa kugombezwa. Mizani ya muuza vitunguu ikilalamikiwa, yeye hagusi parafujo hata siku moja kabla ya kuweka mawe anayoyajua uzito wake. Aweke kilo moja, aone. Aweke mbili, aone. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza aliyofundishwa na baba yake, kabla hata hajafundishwa kushika bisibisi. Kwa vitunguu vya watu alikuwa mwangalifu, lakini mwili wake mwenyewe, wenye mtoto ndani, aliukaza kwa kukisia.

Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, aliwaita wote sebuleni: mumewe, Tani, mama. Kipima sukari kilikuwa mezani, na vijikaratasi vyake vya kupimia vimepangwa kama vyombo vya mgeni.

“Leo nyinyi ndio mawe yangu,” alisema. “Nataka kujua mbovu ni kipima au ni mimi.”

Mwalimu alitoa kidole, akafumba macho kama wanafunzi wake siku ya chanjo. Nne nukta nane.

“Safi. Kaka?”

“Kama ni kwa uzito, hiyo mashine itapasuka,” Tani alisema, akaukalisha mwili wake mkubwa kwenye kiti kilichomlalamikia. Tano kamili.

“Mama?”

Mama alikuwa ameshafika jikoni. “Mimi sukari yangu ilikuwa ya mimba,” sauti yake ilitokea huko. “Ilikwisha.”

“Nani alisema ilikwisha?”

“Hakuna aliyeipima tena. Kitu kisichopimwa kimekwisha.”

“Mama,” Tani aliita, “toa kidole tu. Mimi nilitoa mkono mzima.”

Katika miaka yote ile, katika familia ile, hakuna aliyewahi kuutania mkono ule mbele ya mama. Mwalimu akainamisha kichwa. Kisha kikasikika kicheko jikoni, kidogo, cha mtu aliyeshtukizwa, na mama akatoka akijifuta macho kwa ncha ya kanga, kidole kimenyooshwa mbele.

Sita nukta tatu.

Fundi akajipima mwenyewe. Sita nukta tatu.

Aliandika, na kesho yake akapima tena, yeye na mama, na keshokutwa yake pia. Mama akabaki pale wiki nzima. Jumapili jioni Fundi alimlazimisha akae mezani, ale sahani kamili, na asubuhi mama akasoma sita nukta tatu. Jumatatu mama akala robo ya mkate tu, kwa ukaidi. Sita nukta mbili. Jumatano walikula sawasawa. Sita nukta nne, sita nukta tatu. Daftari lilikuwa na safu mbili sasa, ya binti na ya mama yake, na mtu asiyejua angedhani moja imenakiliwa kutoka kwa nyingine.

“Mizani ya mwizi haina msimamo, mama,” Fundi alisema Ijumaa, akiwa amelikodolea macho daftari. “Leo inaiba robo, kesho nusu, kwa sababu mwenyewe anaigusa. Hii yetu haiguswi na mtu. Ule usile, inaongeza kile kile. Mshale wetu haukuanzia sifuri. Tumezaliwa hivyo.”

“Kwa hiyo nani kaikosea?”

“Sijui. Ila si wewe.”

Mama aliendelea kukunja nguo kana kwamba hakusikia. Alikunja shati lile lile mara tatu.

Siku ya daktari walikwenda wote wawili. Muuguzi alilipokea daftari, akafunua kurasa, na uso wake ukakunjamana.

“Namba zinafanana mno hizi. Umeziandika siku moja, mama kijacho. Kalamu moja, mkono mmoja.”

Ilimchoma. Katika kazi yake hakuna tusi kubwa kuliko kuambiwa umeandika uzito ambao hukuupima. Alifungua mkoba na kuweka kipima sukari mezani.

“Kina kumbukumbu ndani, dada. Kibonyeze hapo. Kitakutajia siku, saa na namba. Vipimo vya mama na vyangu vyote vimo.”

Muuguzi akabonyeza. Akabonyeza tena. Aliendelea kubonyeza muda mrefu, akilinganisha na daftari kwa ncha ya kidole, na polepole mabega yake yakashuka.

“Samahani,” alisema kwa sauti ya chini. “Kweli, samahani.” Akachukua vitu vyote viwili, akaenda navyo mwenyewe kwa daktari, hakumtuma mtu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening’inia kifuani kwa kamba, mtaratibu wa kusema. Alisoma daftari lote tangu ukurasa wa kwanza. Kisha alianza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Mama alikuwa mwembamba hivi tangu zamani? Alikuwa. Bibi naye? Bibi aliambiwa ana sukari, lakini alikufa na miaka themanini na nane, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Watoto wa mama walizaliwa na uzito gani? Mama akataja, akitazama sakafu.

“Kuna sukari za aina nyingi,” daktari alisema. “Hii yenu nadhani ni ya kurithi. Katika mwili mna sehemu inayoonja damu na kusema sukari imetosha, tushushe. Kwenu nyinyi sehemu hiyo huanza kusema tangu sita, wengine huanza chini zaidi. Ndiyo maana nikikushusha kwenye nne unatetemeka. Kwa kawaida haileti madhara makubwa, na sindano haziisogezi sana. Nitatuma damu yako ikapimwe jeni, zile chembe za urithi, ili tuwe na hakika. Majibu ni wiki tano.”

“Na mtoto?” Fundi aliuliza. Hilo ndilo pekee alilokuwa akilitaka.

Daktari alivaa miwani. “Hapo ndipo penye kazi. Mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kukurithi. Akiwa amekurithi, naye anaiona sita yako kuwa ya kawaida, anakua vizuri. Nikikuchoma insulini nyingi namnyima chakula, anazaliwa mdogo. Lakini kama hajakurithi, sukari yako kwake ni nyingi. Ananenepa, na kuzaliwa kunakuwa kwa shida. Huyo anahitaji uchomwe.”

“Sasa ni yupi?”

“Sijui. Sitaingiza sindano tumboni kwa ajili ya kujua tu. Tutamtazama yeye mwenyewe kwenye picha ya ultrasound. Tutampima tumbo lake kila wiki mbili. Akiwa wa wastani, tunaacha sindano. Akianza kuzidi, tunarudi.”

Maisha yake yote Fundi alikuwa anakagua mizani. Sasa aliambiwa aitazame nyama. Alikuwa bado analiwaza hilo mama alipoinua mkono kama mwanafunzi.

“Daktari, nina swali moja. La zamani. Katika ile mimba yangu ya kwanza, ya yule wa kilo tano kasoro robo, mimi nilikula nini?”

Daktari alivua miwani. “Siwezi kujua ulikula nini, mama. Lakini sukari ile hukuila. Ulizaliwa nayo. Mwanao wa kwanza hakukurithi, ndiyo maana alinenepa. Huyu wa pili inaelekea alikurithi, nawe ukajinyima, ndiyo maana alikuwa mdogo. Hukuwa mlafi wala mchoyo. Hukuambiwa tu.”

Mama alikaa wima kabisa. “Sema tena,” alisema.

Daktari akasema tena, neno kwa neno.

“Niandikie.”

“Mama,” Fundi alinong’ona.

“Aniandikie. Mawifi zangu wawili bado wako hai.” Daktari alichukua karatasi, akaandika mistari minne kwa mwandiko unaosomeka, jambo ambalo kwa daktari ni muujiza. Mama aliipokea, akaikagua juu na chini. “Na mhuri,” alisema. Muuguzi ndiye aliyeugonga mhuri, kwa nguvu, mara mbili. Hapo ndipo mama alipolia, na alilia kwa sauti, mkono wa mwanawe mgongoni.

Picha ya kwanza ilipigwa siku ile ile. Tumbo la mtoto lilikuwa katikati ya kipimo, halijazidi, halijapungua. Daktari alisimamisha sindano. Fundi alirudi nyumbani akiwa mwepesi, akala chakula cha mchana bila kuhesabu punje, akarudi sokoni kukagua tena mizani ya muuza nyama.

Wiki mbili baadaye tumbo la mtoto lilikuwa limesogea juu.

“Bado liko ndani ya wastani,” daktari alisema. “Limepanda kidogo, lakini halijavuka. Tusubiri picha ijayo.”

Kusubiri ndiko kulikomshinda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mtu alimwambia atulie, na kila aliyemwambia alikuwa na tumbo lake tupu. Akimtazama Tani akifunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeegeshwa tu pajani, alitaka kujichoma saa hiyo hiyo. Akikumbuka mama alivyomsimulia ile pamba na zile wiki tatu, aliogopa kuigusa sindano. Mkono wake ulikuwa umezoea kurekebisha. Hakujua mikono hufanya nini pale inapotakiwa isifanye kitu. Asubuhi moja alijikuta amesimama na chupa ya insulini kiganjani, kizibo kimekwisha kufunguliwa, na hakukumbuka alivyofika hapo.

Alimwita mumewe. “Chukua hii,” alisema. “Ipeleke kliniki wakutunzie. Mimi sijiamini.”

Mwalimu aliichukua bila kuuliza. Alikwenda nayo kliniki kabla ya kengele ya shule, akachelewa darasa kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, na watoto arobaini na wawili wakamwimbia wimbo wa wachelewaji. Jioni alimsimulia mkewe, akauimba na wimbo wenyewe, mpaka Fundi akacheka akaumwa mbavu. Alimpenda sana siku hiyo, akamwambia.

Picha ya tatu, tumbo la mtoto lilirudi katikati. Ya nne likabaki hapo. Majibu ya damu yalifika yakasema kile walichokwisha kukijua: ni sukari ya kurithi, kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda kwake. Kuhusu aliyekuwa tumboni karatasi haikusema neno.

Uchungu ulianza wiki ya thelathini na tisa, asubuhi, akiwa anafuta vumbi kwenye mawe ya kupimia. Ulikuwa mrefu kama ulivyo wa kwanza. Daktari alikuwapo, na muuguzi yule alikuwapo ingawa haikuwa zamu yake. Mabega yalipofika, chumba kizima kilibana pumzi, na Fundi, kati ya maumivu na maumivu, alimwona mama yake amesimama ukutani, macho yamefumbwa, midomo inakwenda. Yakapita. Bega moja, kisha la pili, kisha mtoto wote, wa kike, analia kwa hasira, mikono yote miwili ikipiga hewa.

“Mikono!” mama alisema. “Yote miwili inapiga. Mnaiona? Yote miwili.”

Kilo tatu na gramu mia mbili. Fundi aliuliza, akiwa bado anahema, kama waliisawazisha ile mizani kabla ya kumweka, na muuguzi akamwambia alale chini, leo ni mgonjwa, si fundi.

Walimtoboa mtoto kisigino. Sukari yake ilikuwa nzuri, daktari alisema. Wangemtoboa tena mara kadhaa kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwalimu aliingia na kofia mkononi. Alimtazama mkewe kwanza, akambusu kichwani, ndipo akathubutu kumtazama mtoto.

“Karithi?” aliuliza.

“Hatujui bado,” daktari alisema. “Alivyokua ninadhani karithi, lakini kudhani si kujua. Tutampima akiwa mkubwa kidogo. Leo ni mzima.”

Fundi alisubiri ile hofu ya kale imkabe, ikaja ndogo tu, ikakaa pembeni. Tani alikuwa mlangoni, ameujaza mlango wote, anafuta macho kwa bega lake zima. Mama alimpokea mjukuu kutoka kwa muuguzi. Hakumwimbia wala hakumpa majina ya utani. Alimwinua mpaka uso kwa uso, akamsemesha kama anavyosemeshwa mtu mzima.

“Sikiliza wewe. Kama unayo, umeipata kwangu. Kwangu mimi bibi yako. Akitokea mtu akakwambia umeila, mlete.”

Mtoto alikunja uso, akageuza kichwa huku na huku, mdomo wazi, akitafuta. Hakupata, akaanza kulia tena, kilio kipya, cha kudai. Mama akamlaza kifuani kwa Fundi. Muuguzi alisogea na daftari lake, kalamu tayari, akatazama saa ya ukutani ili aandike ameanza kunyonya saa ngapi na kwa dakika ngapi.

“Mwache kwanza, mwanangu,” mama alimwambia. “Ana njaa. Mwache ale mpaka ashibe.”

Muuguzi akashusha kalamu. Mtoto akalipata titi, akanyamaza ghafla, na shavu lake dogo likaanza kwenda na kurudi.